Sikio la Fundi

Mwaka 1982 nilihamishiwa Mtwara kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari, na pamoja na vipindi vyangu nikakabidhiwa kazi ambayo sikuisomea, yaani kusimamia gari la shule. Lilikuwa Land Rover pikapu, la aina ile ndefu yenye turubai nyuma. Gari hilo lilileta unga na maharage kutoka mjini, lilibeba kuni, lilichukua wanafunzi waliokwenda kucheza mpira katika shule za jirani, na usiku wa manane lilibeba wagonjwa wa vijijini, maana katika sehemu zile gari la shule lilikuwa gari la kila mtu.

Juu ya utamaduni wa watu wa Mtwara yamekwisha andikwa mengi, na kwa haki. Wametajwa wachongaji wa vinyago, wachezaji wa ngoma, na wajenzi wa nyumba za mawe za Mikindani. Mimi nakusudia kueleza jambo dogo ambalo sijaliona likiandikwa: namna mtu anavyolisikiliza gari linalogonga hadi akajua ni nini kinachogonga. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya gereji, si ya utamaduni. Mimi nami nilidhani hivyo, na dhana hiyo iliigharimu shule yangu korosho za msimu mzima.

Hapana budi nianze na njia tulizopita. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, au kuteremkia Mahurunga na Kilambo kunako Mto Ruvuma, ardhi kwa sehemu kubwa ni mchanga. Siku hizo hapakuwa na lami. Mchanga mkavu huyavuta magurudumu, na pale penye udongo magari huchonga vijituta vilivyopangana kama mikunjo ya bati. Mwaka huohuo wa 1982 kampuni ya Agip ya Italia iligundua gesi katika Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati. Lakini ufukwe wa Msimbati ulikuwa na sifa ambayo unayo hata leo: maji yakipwa, mchanga wake hushikamana hata gari hupita juu yake bila kuzama. Basi sisi tuliokwenda huko kununua samaki wakavu wa shule tulizoea kuiacha njia ya nchi kavu na kukimbiza gari ufukweni, mawimbi yakilamba magurudumu, wanafunzi wakishangilia nyuma. Tulijiona mabingwa. Juu ya chumvi hakuna aliyefikiri.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 gari likaanza kugonga.

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa upande wa mtoni, mpole wa maneno. Ndiye aliyeniambia kwanza, kwa lugha ya madereva wote wa nchi hii: "Mwalimu, miguu inagonga." Nikamwuliza mguu gani. Akasema wa nyuma kushoto. Nikamwuliza amejuaje, naye akajibu kwamba anausikia mgongoni.

Nakiri kwamba nilicheka. Mimi ni mtu wa fizikia. Sauti husikiwa kwa masikio, si kwa mgongo. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kinachoeleza magari, nikakifungua jioni ileile. Kilieleza kwamba springi hulibeba gari na kupokea mshtuko wa mashimo, na kwamba shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka. Gari letu lilirukaruka. Basi nikatoa hukumu: shokapu zimekufa, na kwa kuwa zimekufa ndizo zinazogonga. Ninapoikumbuka hoja hiyo leo naona vizuri mahali ilipovunjika. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Nusu ya pili niliibandika tu.

Shokapu mpya hazikupatikana kwa urahisi. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimetuachia uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na mwezi Machi 1983 ikatangazwa vita nyingine, ile dhidi ya wahujumu uchumi. Spea ya gari ilitafutwa kama dawa. Zilipopatikana nne Dar es Salaam, zilikuja kwa meli, maana masika yalikuwa yameikata barabara upande wa Rufiji. Daraja la mto ule lilikuwa halijajengwa, nalo lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Fedha tulizolipa zilitoka katika shamba la mikorosho la shule. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea itangazwe mwaka 1967 shule nyingi zilikuwa na mashamba ya namna hiyo. Wanafunzi walikuwa wameokota korosho zile tangu Oktoba, wengine vidole vikiwa vimebabuka kwa utomvu wa maganda, nao waliahidiwa kwamba fedha zitanunua vitabu vya maktaba. Niliwaambia vitabu vitangoja mwaka mmoja.

Tukazifunga shokapu. Gari likatoka, likafika kwenye lango la shule ambako palikuwa na kijishimo, nalo likalia: ko! Mlio uleule, mahali palepale. Dereva hakusema neno. Alinyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko kama angalicheka.

Tukaendelea na gari vilevile. Ndipo usiku mmoja wa mwezi Juni akaja mtu kwa baiskeli kutoka upande wa Mahurunga. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hajatoka. Tukaenda. Tukamlaza mama yule nyuma juu ya godoro, pamoja na mama mkwe wake na wanawake wengine wawili wa kumshikilia, na mumewe. Safari ya kwenda Hospitali ya Ligula haifiki kilomita hamsini, lakini kwa njia ile na usiku ule ilikuwa ndefu. Kila gurudumu la kushoto lilipotumbukia, gari lilitwanga kwa kishindo kizito ambacho hata mimi sasa nilikisikia mgongoni.

Tulipokwenda kitambo dereva akasimamisha gari. Akashuka, akamulika chini kwa tochi, akarudi dirishani kwangu. "Mwalimu, naomba akina mama wahamie upande wa kulia, na waje mbele kidogo." Nikamwambia kwamba tunapoteza wakati. Akajibu, "Nitaendesha, mwalimu. Lakini uzito usikae kushoto." Wale wanawake hawakungoja ruhusa yangu, walikwisha sikia, wakamhamisha mgonjwa na godoro lake. Tangu hapo dereva hakuzidisha mwendo wa mtu akimbiaye, nami nilikaa kimya nikihesabu dakika na kumlaumu moyoni. Tulifika alfajiri. Mtoto wa kike alizaliwa salama kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu yake nilimwambia dereva anipeleke kwa fundi anayemjua yeye.

Gereji ilikuwa chini ya mwembe, mjini Mtwara, bila ukuta wala ubao wa jina. Fundi mwenyewe alikuwa amevuka miaka hamsini. Alianza kazi akiwa kijana mdogo katika mpango wa karanga wa Waingereza huko Nachingwea, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza fedha nyingi kuliko karanga ulizotoa. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango huo, na reli pia, ambayo iling'olewa baadaye. Matrekta mengine yaliyoletwa yalikuwa masalio ya vita yaliyochukuliwa hata kutoka visiwa vya Ufilipino, na kwa kuwa yaliharibika kila siku, vijana wa Kusini walijifunza ufundi kwa haraka. Wanahistoria huuhesabu mpango ule kuwa hasara tupu. Mimi naona wamesahau kuwahesabu mafundi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Gari limeletwa au limekuja lenyewe?"

Nikaanza kumweleza juu ya shokapu. Akaniinulia kiganja. Hakutaka kusikia jina la kifaa chochote. Alitaka kusikia habari za mlio. Linagonga likiwa tupu au likiwa limebeba? Linagonga kwenye vijituta vidogo au kwenye shimo? Mara moja au mfululizo? Ukianza kuondoka, ukirudi nyuma, ukikata kona, ukifunga breki? Asubuhi na mchana ni sawasawa? Mlio ulianza siku moja au ulikua kidogo kidogo? Kwa kila swali nilimgeukia dereva, na dereva akajibu bila kusita. Nilikuwa nimepanda gari lile miezi mitano, nikisikia kelele tu.

Kisha nikagundua kwamba fundi yule alikuwa na kamusi yake, nayo ilikuwa ya Kiswahili kitupu. Gari, kwa maneno yake, haligongi tu. Likipita kwenye vijituta na kutoa ko-ko-ko nyepesi ya haraka, *linagogota*, kama ndege gogota kwenye mti. Hapo tazama vipande vya mpira vilivyo kwenye ncha za shokapu, au viungo vya tairodi vinavyogeuza magurudumu. Likitoa mlio mmoja tu linapoondoka au linaporudi nyuma, *linabisha hodi*. Hapo shika krosi za propela, au yubolti zinazoifunga ekseli kwenye springi, maana zimelegea. Mlio wa kukwaruza na kulialia ni wa *kukereza*, nao ni wa bushi iliyokauka au bamba za springi zinazosuguana. Mtikisiko wa mabati na turubai ni *kucheka*. Gari linalocheka halina ugonjwa. Na likitoa kishindo kimoja kizito, hasa likiwa na mzigo, *linatwanga*, kama mchi kinuni. "La kutwanga usilipuuze," alisema. "Mchi ukitwanga, kuna kinachopondwa."

Letu lilitwanga.

Hata hivyo hakukimbilia mguu wa nyuma kushoto. Kwanza aliamuru kila kitu kitolewe garini: gurudumu la akiba, koleo, mnyororo, debe la maji, na jeki iliyokaa chini ya kiti. Kumbe jeki ile haikufungwa, nayo ndiyo iliyotoa mlio mmoja mdogo ambao mimi na dereva tuliuhesabu pamoja na ule mkubwa. Fundi alifurahi kuliko sisi. Alisema nusu ya milio anayoletewa hutoka katika mizigo, na mwenye gari hulipa bushi mpya kwa kosa la spana iliyosahauliwa.

Halafu akamlaza kijana wake chini ya gari, akamwambia ashike kwa vidole kiungo kimoja baada ya kingine, huku yeye mwenyewe akilibonyeza gari kwa uzito wa mwili pembe moja baada ya nyingine. Pale alinipa somo la fizikia bila kujua. Alisema sikio hudanganywa na chuma: mlio huzaliwa nyuma ukasikika mbele, kwa hiyo sikio litafute jirani, na mkono utafute nyumba. Ni kweli kabisa. Hewani sauti huenda mita zipatazo 340 kwa sekunde; katika chuma cha pua huenda kama mita 5,000. Chasisi, ambayo ndiyo mifupa ya gari, huubeba mlio huku na huko kabla sikio halijajua. Jambo hilo nilikuwa nimelifundisha ubaoni mara nyingi. Sasa nilielewa pia habari ya mgongo wa dereva: kiti chake kilishikamana na chasisi, basi mgongo wake ulikuwa karibu na mlio kuliko masikio yangu.

Alipozibonyeza pembe alizitazama pia shokapu zangu. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likatulia. "Hizi nzima," alisema. Nikamwambia ni mpya. Akasema hata zile za zamani, zikichoka, mara nyingi huliacha gari lirukeruke bila kugonga; kinachogonga ni ule mpira wa nchani ukiisha, nao bei yake ni ndogo sana. Sikumwambia habari za korosho.

Kisha gari likainuliwa, mbele kwanza. Nataka wanafunzi wanaosoma haya walishike jambo moja: hakuingia mtu chini hadi chasisi ilipokalishwa juu ya magogo mawili manene. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Fundi akalishika gurudumu, mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa. Kama lingecheza, makosa yangekuwa ya beringi au ya pini zinazoshika kitovu cha gurudumu. Akalishika kulia na kushoto, akatikisa tena; hapo huonekana tairodi. Gari likashushwa, mtu mmoja akauyumbisha usukani huku na huko magurudumu yakiwa yamebeba uzito, na fundi akatazama kila kiungo kwa macho. Yote yalikuwa mazima kiasi.

Nyuma alitumia mtaimbo. Katika Land Rover za siku zile kila gurudumu lilibebwa na springi ya bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ncha za springi zimekunjwa kuwa jicho, na ndani ya jicho mna bushi, yaani kipande cha mpira katikati ya mirija miwili ya chuma, ili chuma kisigonge chuma. Alipousukuma mtaimbo kwenye jicho la kulia, halikucheza. Kushoto lilicheza. Mpira ulikuwa umeliwa upande mmoja. Nikasema, kwa furaha ya mtu aliyeona mwisho wa mashaka yake, "Basi ndiyo hiyo!"

"Hiyo ni moja," fundi akajibu. "Bushi iliyokufa hivi inagogota. Gari lako linatwanga."

Akachukua nyundo ndogo. Akaanza kuigongagonga chasisi kutoka mbele kurudi nyuma, polepole, kichwa kikiwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mlango. *Ngi. Ngi. Ngi.* Alipokaribia mahali ambapo jicho la mbele la springi ya nyuma kushoto linashikwa na chasisi, sauti ikabadilika: *pu.* Akarudi nyuma kidogo: *ngi.* Akasogea: *pu.* Akanipa nyundo. "Gonga mwenyewe, mwalimu."

Nikagonga. Pigo la tatu nyundo ikaingia ndani ya chuma kama kwenye mkate mkavu, na kutoka katika tundu lile ukamwagika mchanga mweupe wa Msimbati, ungali na unyevu.

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu magari ya namna hiyo bado yapo pwani yote. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu, na mwenye gari huona mlango safi akadhani gari lote ni safi. Lakini chasisi ni ya chuma cha pua, nayo ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji ya bahari na mchanga huingia humo, hukaa, na chumvi huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi. Kutu hula kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa. Kishikizo cha springi yetu kilikuwa kimechanika pande tatu, na kila tulipobeba mzigo kilifunguka na kujigonga. Upande wa nne ndio uliokuwa umelibeba gari usiku ule wa Mahurunga.

"Ungechanika huo," fundi alisema, "ekseli ingerudi nyuma upande mmoja, na gari lingekata kona bila kuuliza usukani."

Nilimtazama dereva. Alikuwa akitazama maembe mtini.

Matengenezo yenyewe sina haja ya kuyasimulia kirefu. Walikata chuma kilichooza hadi wakafika kwenye chuma kinacholia *ngi*, wakachomelea bamba jipya, wakapaka grisi na mafuta machafu ndani. Bushi mbili mpya zilitiwa. Jambo moja tu lilinishangaza: bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa juu ya magogo. Alilishusha kwanza, akatupandisha sisi watu sita nyuma, ndipo akakaza. Alieleza kwamba mpira hukumbuka pale ulipokazwa. Ukiukaza springi ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira hujipinda wakati wote na kuchanika upesi. Akatuagiza turudi baada ya wiki mbili azikaze yubolti upya. Malipo yake yalikuwa chini ya bei ya shokapu moja.

Wakati ule nilikuwa nikisoma habari za Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba mtoto alijifunza kwake kugonga mapipa ya mvinyo ili kujua yamejaa kiasi gani. Alipokuwa daktari akaanza kugonga vifua vya wagonjwa kwa vidole, na mwaka 1761 akatoa kitabu kueleza kwamba kifua chenye maji hulia tofauti na kifua chenye hewa. Kwa miaka mingi wenzake hawakumjali. Leo hakuna daktari asiyefundishwa kugonga kifua. Nilimsimulia fundi habari hiyo nilipomrudia kukaza yubolti. Aliniuliza kama daktari yule naye alianza kwa kuuliza maswali.

Niliwakusanya wanafunzi wa kidato cha tatu, nikawaeleza yote, pamoja na habari ya fedha zao. Sikuona njia nyingine. Baadhi walikasirika, na walikuwa na haki. Kisha nikawapeleka gereji kwa makundi, na darasani tukafanya jaribio la kuwafunga macho na kugonga vyuma, vyungu na magogo. Nilitazamia kuwafundisha, mambo yakawa kinyume. Wasichana karibu wote walijua kukigonga chungu sokoni kabla ya kukinunua, kwa kuwa chungu chenye ufa usioonekana husauti kwa ukavu, hakivumi. Wengine walijua kulitikisa na kuligonga dafu. Kijana mmoja kutoka Newala, ambaye katika mitihani yangu alikuwa wa mwisho, hakukosea hata mara moja. Babu yake alikuwa mpigaji ngoma, naye tangu utotoni alipewa kazi ya kuipasha ngoma kwenye moto na kuigonga mpaka ngozi itoe sauti inayotakiwa. Nilikuwa nimemfundisha mawimbi ya sauti mwaka mzima bila kumwuliza anajua nini juu ya sauti.

Tuliandika pia orodha ya maneno: kugogota, kutwanga, kukereza, kurindima, kung'ong'ona, kuvuma, na mengine zaidi ya arobaini. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kazi yake katika kusanifu istilahi ni kubwa. Lakini mafundi hawakungoja. Vifaa walivipa majina ya kukopa, shokapu, bushi, tairodi, kwa kuwa vifaa vilikuja na majina yake. Milio waliipa majina ya nyumbani, kwa kuwa milio waliisikia wenyewe. Sijui kama tofauti hiyo imekwisha tazamwa na wataalamu wetu wa lugha, nadhani inastahili.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2000 eneo lote la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma lilifanywa hifadhi ya bahari, na mwaka 2015 mtambo wa kusafisha gesi ukazinduliwa Madimba. Pikapu za leo mara nyingi zina springi za kuzunguka mbele, na za bamba zimebaki nyuma. Zimeongezewa boljointi na linki za stabilaiza, ambazo zikilegea hugogota kwenye vijituta hata mwenye gari hupata kichaa. Mafundi huzifungua kwa muda, huliendesha gari taratibu, na kama mlio umekwisha wamekwisha mpata mwizi. Kompyuta hutumika kusoma makosa ya injini. Bushi iliyoliwa haina waya wa kuieleza kompyuta chochote.

Nilirudi Mtwara miaka michache iliyopita, nikapewa na jirani pikapu yake ya kwenda Msimbati kuona wenzangu wa zamani. Maji yalikuwa yamepwa na vijana walikuwa wakiendesha magari ufukweni kama sisi zamani. Niliporudi mjini gari lilikuwa likilia. Nikaenda palepale penye mwembe. Fundi amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Mjukuu wake alinipokea, kijana mwenye simu mbili. Wateja wengine, alisema, humtumia milio kwa simu, naye huwajibu kama inafaa waje au wakafunge tu jeki zao. Nikaanza kumweleza kwamba nadhani ni linki.

"Samahani, babu," akanikatiza kwa upole. "Linagonga likiwa tupu, au likiwa limebeba?"

Nikamwambia tupu, tena kwenye vijituta. Akatandika kipande cha turubai, akaingia chini, na kabla ya kushika chochote akaniomba nimwambie jirani yangu aanze kuliosha gari chini kwa maji baridi kila litokapo ufukweni.